Desemba ya Pwani: Likizo Hufuata Shule, Bahari Hufuata Mwezi

Safari ya familia kwenda Mombasa mwezi wa Desemba ni desturi iliyokita mizizi katika maisha ya mijini nchini Kenya. Muhula wa tatu ukiisha, watoto wa Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu huanza kuhesabu siku, na wazazi wao huhesabu fedha. "Mombasa" katika mazungumzo ya watu wa bara si kisiwa peke yake. Ni pwani yote: Tiwi na Diani upande wa kusini, Nyali, Bamburi na Shanzu upande wa kaskazini, na mbele zaidi Kilifi, Watamu na Malindi. Wengine hukaa siku nne, wengine wiki nzima, wenye nafasi wiki mbili. Mwaka ukizunguka hurudi, aghalabu pale pale walipofikia mwaka uliotangulia.

Kurudi huko kuna faida ambayo mgeni wa mara moja haipati. Likizo hupangwa kwa kalenda ya shule, lakini bahari haiijui kalenda hiyo. Yenyewe hufuata mwezi na upepo. Familia inayorudi kila mwaka hujifunza kuzilinganisha kalenda hizo mbili, na pumziko lake huwa jingine kabisa.

Mwanzo wa desturi hii uko kwenye reli. Ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Hakuna aliyeijenga kwa ajili ya likizo, lakini ndiyo iliyowapa walowezi wa Kizungu wa nyanda za juu njia ya kuteremka pwani kupumzika. Malindi ilikuwa na hoteli za wageni katika miaka ya 1930, na hoteli ya Nyali Beach ilifunguliwa mwaka 1946. Waafrika wa bara waliofika kwenye fukwe hizo enzi za ukoloni walikuja wakiwa wapishi, yaya na madereva wa wengine. Baada ya uhuru mwaka 1963, walimu, makarani na watumishi wa serikali wakaanza kuteremka wenyewe na watoto wao. Wengi hawakufikia hotelini. Walifikia kwa jamaa walioajiriwa bandarini au katika reli, na watoto wakatandikiwa mkeka sakafuni nyumbani kwa baba mdogo Changamwe au Mikindani. Kumbukumbu ya bahari kwa kizazi hicho imefungamana na joto la chumba kilichojaa binamu, na matatu ya asubuhi kwenda kuoga Bamburi.

Wakati huohuo ndege za kukodi zilianza kuleta watalii kutoka Ujerumani, Uswisi na Uingereza, na hoteli kubwa zikasimama Diani na pwani ya kaskazini. Bei zake ziliwekwa kwa kumtazama mgeni wa ng'ambo. Mlango ulifunguka zaidi kwa Wakenya kila mgeni huyo alipoadimika: baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, baada ya shambulio la bomu la Kikambala la Novemba 2002, baada ya serikali za Magharibi kuwaonya raia wao dhidi ya kusafiri mwaka 2014, na tena wakati wa korona mwaka 2020. Hoteli zilizokuwa zikimwona mgeni wa nchini kama wa kujazia nafasi zilijikuta zikitegemea familia za Thika na Machakos. Bei ya wakazi, ambayo ni nafuu kuliko ya mtalii wa nje, leo ni jambo la kawaida, na mteja hana haja ya kuona haya kuiuliza.

Desemba ina bahati ya upepo. Pwani ya Afrika Mashariki hutawaliwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huanza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka na huendelea hadi Machi. Ndiyo iliyokuwa ikiyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi hushika baada yake, huleta mvua za masika mwezi Aprili na Mei, na kufikia Juni hadi Agosti huichafua bahari: mawimbi hupanda, maji hupoteza ung'avu, na mwani hutupwa ufukweni kwa marundo. Familia inayokwenda likizo ya Aprili hukutana na mvua. Inayokwenda Agosti hupata hewa ya baridi kidogo na bahari yenye fujo, ingawa miezi hiyo ndiyo nyangumi hupita karibu na Watamu, na hilo nalo si jambo dogo kwa mtoto. Inayokwenda Desemba hukuta vuli imeisha au inaishia, kaskazi imeanza, maji yametulia asubuhi na yanaonekana hadi chini. Ndio msimu wa papa shilingi, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mwenye madoa meupe mgongoni yanayofanana na sarafu, asiyemdhuru mtu.

Gharama ya bahati hiyo ni joto na msongamano. Kila mtu amekuja wakati mmoja.

Msongamano huanzia njiani. Kwa miaka mingi familia zilisafiri kwa gari moshi la usiku lililotoka Nairobi jioni na kuingia Mombasa asubuhi, au kwa mabasi yaliyosimama Mtito Andei, takriban katikati ya safari, kwa chai na choo. Tangu Juni 2017 treni ya reli mpya, Madaraka Express, huunganisha stesheni ya Syokimau na ile ya Miritini, umbali wa takriban kilomita 470, kwa muda wa saa tano au sita. Nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa shilingi 700. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepanda hadi 1,500. Tiketi za wiki ya Krismasi humalizika mapema mno, na anayengojea Desemba ifike ndipo anunue hujikuta barabarani.

Treni inayosafiri mchana ina zawadi moja ambayo gari moshi la usiku lilikuwa nayo kwa nadra: Tsavo. Reli imepita juu ya tuta refu, na kati ya Mtito Andei na Voi watoto hubandika nyuso dirishani wakitafuta ndovu wekundu, waliojipaka udongo wa mahali hapo. Ni hapo Tsavo, kwenye mto, ambapo mwaka 1898 simba wawili walisimamisha ujenzi wa daraja la reli kwa kuwala wafanyakazi. Ngozi zao zilizojazwa zimo katika jumba la makumbusho la Chicago hadi leo. Mzazi mwenye kukijua kisa hiki huwa amejipatia nusu saa ya utulivu behewani.

Baada ya Voi, hewa hubadilika. Minazi huanza kuonekana karibu na Mariakani, nguo za baridi huvuliwa, na milango ya treni ikifunguliwa Miritini joto lenye unyevu humpokea kila mtu usoni. Wanaokwenda Nyali na Bamburi hupita kisiwani. Wanaokwenda Diani walizoea kuvuka kwa feri ya Likoni, wakipanga foleni ndefu ya magari katika jua kali, huku watembea kwa miguu wakivuka bure kwa maelfu. Feri hiyo bado inafanya kazi, na mtoto wa bara huikumbuka kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza kuwa juu ya maji. Lakini barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja yake ya Mwache na Mteza, sasa inatoka Miritini moja kwa moja hadi upande wa kusini bila kugusa kisiwa, na imeondoa saa nyingi za kungoja kwa wanaoshuka treni na kuelekea Kwale.

Kuhusu malazi, familia nyingi hugawanyika makundi mawili. Kuna zinazotaka hoteli ya kulipia kila kitu pamoja, ambapo chakula hupangwa mezani mara tatu kwa siku, bwawa liko hatua chache kutoka chumbani, na mama hapiki. Kuna zinazokodi nyumba, hasa Tiwi, Diani, Kikambala na Watamu, ambako ndugu wawili au watatu huchanga gharama na kukaa chini ya paa moja la makuti. Nyumba hizo kwa kawaida huwa na mpishi wa mahali hapo. Kwa familia kubwa njia hii ya pili ni bora, na si kwa sababu ya bei tu. Hotelini kila nyumba hula meza yake; katika nyumba ya kukodi shangazi, babu na wajukuu huketi pamoja barazani hadi usiku wa manane, na hilo ndilo lililowatoa kwao.

Siku ya kwanza ufukweni humshangaza mgeni. Amefika saa nne asubuhi, amevaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Mbele yake kuna mchanga wenye michirizi, vidimbwi, mwani, na mwamba mweusi kwa mbali ambako mawimbi yanavunjikia. Wengine hukasirika, wakadhani wamedanganywa na picha. Hawakudanganywa, wamefika wakati wa kupwa.

Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kidogo zaidi. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, mvuto wake na wa jua hushikana, na ndipo huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana na maji huwa mafu. Tofauti ni mita moja hivi, na bahari huonekana kama haiondoki wala haiji.

Kuna utaratibu mmoja ambao kila mvuvi wa pwani hii anaujua na kila familia ingefaa kuuweka moyoni. Siku za bamvua, maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri. Utaratibu huu haubadiliki mwaka hadi mwaka. Mwenye kutazama mbalamwezi usiku wa kwanza tayari amejua kesho atafanya nini. Wavuvi Waislamu hawahitaji hata kutazama juu, kwa kuwa kalenda yao ya dini ni ya mwezi: tarehe ya kwanza na ya 15 zikikaribia, bamvua iko njiani.

Kwa familia yenye watoto, maana yake ni hii. Asubuhi ya bamvua ni ya kutembea juu ya mwamba, kwa viatu vya mpira, pamoja na kijana wa mahali hapo anayejua njia. Katika vidimbwi mnaonekana viti vya pweza vyekundu, majongoo ya bahari yaliyolala kama soseji, kaa wadogo, na samaki wa rangi waliofungiwa na maji wakingoja bahari irudi kuwachukua. Wanawake wa vijiji vya karibu huwa hapo hapo na vijiti vyao, wakitafuta pweza mashimoni. Hutazamwa na kusalimiwa, kwa kuwa wako kazini. Kuogelea kungoje alasiri, wakati maji yamefunika mwamba na kujaza eneo lote la ndani. Wiki ya maji mafu, watoto huingia baharini baada ya staftahi na kubaki humo.

Mwamba huo wa matumbawe ndio unaoifanya pwani ya Kenya ifae watoto. Umesimama mita mia kadhaa kutoka ufukweni kama ukuta, na mawimbi ya bahari kuu hufia juu yake. Ndani yake maji ni kimya na ya kina kidogo. Serikali ilianza kuulinda mapema: hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na ile ya Mombasa ikafuata mwaka 1986. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi kutokana na El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe haya iligeuka nyeupe na kufa. Yamekuwa yakirudi polepole, na kila unyayo unaokanyaga tumbawe hai huvunja kazi ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo katika hifadhi ni marufuku kuokota makombe na matumbawe, hata moja la mtoto la kuweka mfukoni. Plastiki nayo ina sheria zake: mifuko ilipigwa marufuku nchini kote Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa, vikombe na sahani za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ufukweni.

Kupwa na kujaa kuliwahi kuamua jambo kubwa kuliko ratiba ya kuogelea. Tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi, fukwe zikiwa zimejaa familia, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi yote. Somalia mamia walikufa. Yalipofika Kenya maji yalikuwa yamepwa, kwa hiyo kupanda kwake kulifanyika ndani ya nafasi ambayo bahari ilikuwa imeiacha wazi. Mamlaka nazo zilikwisha kupata habari na kuwaondoa watu majini. Mtu mmoja alipoteza maisha. Siku hizo hizo, mtoto wa kiboko aliyesukumwa baharini karibu na mdomo wa mto Sabaki aliokolewa, akapewa jina la Owen na kupelekwa Haller Park, Bamburi, ambako alimfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa mlezi wake. Bustani hiyo ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji hadi mwaka 1971, Rene Haller alipoanza kupanda miti mahali palipodhaniwa hapataota kitu. Familia nyingi za bara hufika hapo walau mara moja.

Hatari ya kila siku ni ndogo kuliko tsunami na huua zaidi. Watu wazima wengi wa bara hawajui kuogelea, na watoto wao hawajawahi kuona maji yanayosogea yenyewe. Maji yanapotoka kwa kasi baada ya kujaa, mikondo huelekea kwenye milango ya mwamba na humvuta aliye juu ya mpira wa tairi bila yeye kugundua. Pombe na bahari havichanganyiki. Mtoto hupaswa kuwa mbele ya macho ya mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina, si wa "sisi sote", maana katika kundi kubwa la jamaa kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Jua likianza kuzama, watu hutoka majini.

Chakula ni nusu ya safari. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mvuvi hupita mlangoni na kolekole, changu au tafi wa alfajiri hiyo, huuzwa kwa kilo na bei hujadiliwa kwa utulivu. Mpishi akiwepo, aachiwe yeye mazungumzo. Mchana ni samaki wa kupaka kwa wali wa nazi. Jioni, kisiwani, watu hujaa katika bustani ya Mama Ngina kandokando ya mlango wa bandari, wakinywa madafu na kula mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa ndimu na pilipili, huku meli kubwa zikipita karibu kiasi cha kuonekana mabaharia wake. Mtoto aliyekulia kwenye ugali na sukuma wiki hugundua hapo kwamba nchi yake ina jiko jingine kabisa.

Siku moja ya nchi kavu hutosha, na huwekwa siku ya joto kali au mvua. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iko hatua chache kutoka Mji wa Kale. Walio Watamu wana magofu ya Gedi, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, ukamezwa na msitu, na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Walio Diani wana mbega weusi kwa weupe wanaovuka barabara juu ya ngazi za kamba walizofungiwa ili wasigongwe na magari, na msikiti wa kale wa Kongo chini ya mibuyu, mahali mto Mwachema unapoingia baharini. Katika mji nguo za ufukweni hubaki mkobani. Leso moja hutosha kumsitiri mtu. Watoto hufundishwa kumwamkia mzee shikamoo, neno ambalo pwani bado lina uzito wake, na jibu la marahaba huwafungulia milango mingi.

Si kila familia hulala karibu na bahari. Maelfu huja kwa siku moja katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, na pilau katika sufuria, wakikodi mipira ya tairi na kumpandisha mtoto juu ya ngamia kwa picha. Ndio ufuo wenye furaha kuliko zote Desemba, na pia wenye nafasi finyu kuliko zote, kwa sababu kwingineko hoteli na nyumba za watu binafsi zimeipa bahari mgongo wa kuta, na njia za kuifikia zimebaki vichochoro. Kisheria jambo hili halina utata. Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inataja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Mchanga ambao bahari huufunika na kuufunua ni wa kila mtu, awe amelala katika chumba cha kifahari au amekuja na matatu kutoka Kisauni. Kinachokosekana ni njia za kutosha za kufikia mchanga huo, na kaunti za pwani zina deni hapo kwa wenyeji kabla ya wageni.

Siku ya kuondoka huanzia sokoni Marikiti au kwenye vibanda vya Mji wa Kale. Hakuna anayerudi bara mikono mitupu: mabuyu mekundu yenye kupaka midomo rangi, achari za maembe, halua, kashata, korosho, na nazi kadhaa ambazo hazitapikwa Nairobi kwa ladha ileile. Wakodishaji wa nyumba huulizwa kuhusu mwaka ujao, na wenye uzoefu huweka malipo ya kwanza hapo hapo. Tarehe wanayoichagua hutegemea siku shule zitakapofungwa. Wachache, waliokwisha kuishika bahari, huomba kwanza kalenda ya mwezi.